Soksi Alizojishonea Mama

Jumatatu, 5 Mei

Leo sikwenda shule. Nilimsindikiza mama kliniki ya miguu, kwa ajili ya sukari yake. Mwalimu wa darasa aliniruhusu, ila alisema nibebe daftari, maana kliniki nayo ni darasa. Nikabeba.

Benchi tangu saa moja asubuhi mpaka saa tano. Mama alikwenda na kandambili kwa sababu viatu vyote vimemkataa. Miguu imevimba kuanzia vidoleni mpaka karibu na magoti. Ukibonyeza kwa kidole, kishimo kinabaki, kama kwenye unga uliokandwa. Nilibonyeza mara moja tu, akanipiga kikofi cha mkono — watu wanatuona!

Muuguzi wa miguu, wagonjwa wamempa jina. Wanamwita Bi Uzi. Ana kipande cha uzi mgumu, kifupi, kimechomekwa kwenye kishikio. Mgonjwa wa sukari anafumba macho, Bi Uzi anamgusa unyayo hapa na pale kwa ncha ya ule uzi, na mgonjwa anasema "hapa" kila anapohisi. Mlango ulikuwa wazi, nikamwona mzee mmoja amefumba macho na kunyamaza muda mrefu, nikadhani amesinzia. Kumbe alikuwa anaguswa muda wote!

Zamu yetu ilipofika, foleni nyuma ilikuwa bado ndefu. Bi Uzi alisema mama atapimwa kwa uzi siku ya kurudi, tarehe 19. Akamuuliza anafanya kazi gani. Fundi cherehani. Ya umeme? Ya kukanyaga. Bi Uzi akaacha kuandika. Alisema kama uzi utaonyesha mguu umekufa ganzi, cherehani ya kukanyaga basi. Mguu usiosikia huumia bila kumwambia mwenyewe.

Mama akacheka. "Muuguzi, mguu uliokanyaga miaka ishirini na miwili hauhitaji kusikia. Unaijua njia."

Bi Uzi hakucheka.

Niliandika kila alichosema. Alale chali na miguu juu ya mito, mara kadhaa kwa siku. Chumvi ipungue. Asikae kitako mchana kutwa, atembee kidogo, avikunje na kuvikunjua vifundo vya miguu. Asitembee peku. Asiloweke miguu kwenye maji moto. Nyayo ziangaliwe kila jioni, hata zisipouma — hasa zisipouma. Mwishoni akataja soksi za kubana, ambazo zinasukuma maji yarudi juu na kupunguza uvimbe. Lakini si za kila mtu. Lazima kwanza ipimwe kama damu inafika vizuri vidoleni, na kipimo hicho kiko hospitali kubwa.

Chini ya "soksi za kubana" nimepiga mstari mara mbili.

Tulipokaribia nyumbani mama akasema, "Habari za cherehani usimwambie mama yako mkubwa." Mama Mkubwa ni dada yake, anakaa mtaa wa pili. Akijua yeye, mtaa wa tatu umejua.


Jumanne, 6 Mei

Nimechoka. Niandike kidogo.

Sketi bado hamsini na nane. Ni sare za shule yetu, za muhula ujao, themanini kwa jumla, marinda mbele na lastiki nyuma kiunoni. Mkuu wa shule alimpa mama kazi hii kwa sababu ya mshono wake. Alisema mbele ya darasa letu kwamba hajaona fundi anayeficha mshono kama yule! Nilitazama chini, lakini nilifurahi.

Tangu baba afariki, cherehani hii ndiyo baba.

Nilimwekea mama mito minne. Akalala, miguu juu, dakika sijui tano. Halafu akainuka. "Nikiinua miguu, nani atashusha sindano?"

Anasema nyayo zinawaka kama amekanyaga makaa. Nikamuuliza, na ukizigusa? Akafikiri. Akasema akizigusa ni kama anagusa miguu ya jirani.


Alhamisi, 8 Mei

Leo nimeshinda!

Nimerudi shule nimemkuta Mama Mkubwa chumba cha mbele, ameweka beseni mbele ya cherehani. Maji yanatoa moshi. Chumvi ya mawe ndani yake. Mama ameshapandisha gauni magotini. Nilitupa mkoba nikasimama katikati.

"Mama Mkubwa, hapana! Bi Uzi amekataza maji moto."

"Haya, profesa amerudi," akasema Mama Mkubwa. "Sisi tulikuwa tunaloweka miguu kabla hata mama yako hajafikiria kukuzaa. Sogea."

"Mama hasikii moto. Ataungua."

"Moto gani? Haya ni maji ya kuogeshea mtoto. Tazama!"

Akavua kiatu, akatia mguu wake mwenyewe ili anionyeshe. Aliutoa haraka kuliko alivyoutia! Akarukaruka kwa mguu mmoja mpaka barazani, anamwita mama yake aliyekwisha kufa. Mama alicheka mpaka akashika meza ya cherehani. Sijamwona akicheka vile tangu mwaka jana. Mama Mkubwa naye akaishia kucheka, huku anajipepea mguu kwa karatasi ya mtindo wa sketi.

Baadaye mama aliniita Daktari. "Daktari, niangalie basi nyayo." Nikaangalia kwa tochi. Safi. Hakuna kitu.

Nimeokoa mguu wa mama. Naandika hivi ili siku nikiwa muuguzi kweli nikumbuke nilianzia wapi.


Jumamosi, 10 Mei

Uvimbe haupungui. Asubuhi unashuka kidogo, ikifika saa sita umerudi palepale. Mama amevaa kandambili zangu kwa sababu zake zinamkata.

Nilikwenda duka la dawa kuulizia soksi za kubana. Hawana. Mwenye duka alinionyesha picha kwenye kijitabu: soksi ndefu ya rangi ya ngozi, inafika chini ya goti. Aliniruhusu niichore. Nilipompa mama ule mchoro aliutazama kama anavyotazama nguo ya fundi mwingine, jicho moja limefungwa.

"Hiki ndicho wanachoagiza nje?"

Na sasa niandike ukweli, maana hapa hasomi mtu. Ni mimi niliyesema. Nilisema, "Mama, lastiki tunayo. Na kile kitambaa cha kuvutika kilichobaki kwenye nguo za michezo."

Halafu nikakumbuka. Nikasema Bi Uzi anataka damu ya vidoleni ipimwe kwanza. Nilisema kwa sauti ndogo. Mama akasema hospitali kubwa mtu huenda na kurudi siku tatu, na sketi hazishoni zenyewe. Tarehe 19 tutauliza. "Miaka ishirini na miwili nashona makoti ya watu wazima, leo soksi initoe jasho?"

Sikubisha tena. Nilitaka iwe hivyo.

Tulifanya kazi pamoja mchana wote, na ilikuwa raha, siwezi kusema uongo. Mimi nilishika tepu. Kifundo, sentimita thelathini na moja. Katikati ya ugoko, arobaini na mbili. Nilimweleza mama kwamba kifundoni lazima ibane zaidi, ikipanda ilegee, ndipo maji yasukumwe juu. Akasema sasa ameona faida ya kunipeleka shule. Alizungusha vipande vya lastiki ndani ya kitambaa, kimoja juu ya kingine, kama pete. Nikamwonyesha kwenye mchoro kwamba ile ya kwenye kijitabu haina mshono hata mmoja. Akasema ya kiwandani hiyo. Yake itakuwa na mshono, ila hauonekani — fundi mzuri haachi mshono nje. Akaupitisha kwa ndani, pembeni, toka gotini mpaka kwenye kidole kidogo.

Alipozivaa zilikuwa nzuri! Huoni mshono popote. Rangi ya bluu ya shule yetu.


Jumatatu, 12 Mei

Zimefanya kazi!

Asubuhi hii mama amevaa viatu. Vile vyeusi vyenye kamba. Alikaa ukingoni mwa kitanda akavitazama miguuni kama mgeni aliyekuja bila taarifa. Kifundo leo sentimita ishirini na saba. Nimepima mara tatu. Ishirini na saba!

Amezivaa tangu Jumamosi, mchana na usiku. Anasema hata ule moto wa nyayo umepungua. Bi Uzi hakusema kama zinavaliwa usiku au hazivaliwi. Sikuuliza, kwa sababu siku ile hatukuwa na soksi za kuulizia.

Mama Mkubwa alipita. Akamzunguka mama mara mbili. Alisema amshonee na yeye jozi, ya zambarau.


Jumanne, 13 Mei

Nimempima mama mwenyewe. Nilikata uzi wa nailoni, ule mgumu wa kushonea mikoba, nikauchomeka kwenye ganda la kalamu. Mama alikaa kwenye kiti cha wateja, akavua soksi, akaniachia unyayo. Akafumba macho. Kidole gumba — hapa! Kisigino — hapa! Katikati — hapa! Sehemu kumi, amepata zote kumi!

Nilimkumbatia shingo. Cherehani itabaki.

Alisema, "Basi, Daktari, umeridhika? Nipe hiyo bobini ya uzi."


Jumatano, 14 Mei

Mtihani wa hesabu. Nimefanya wastani. Nimelala darasani kipindi cha mwisho, mwalimu akaniacha.

Sketi bado thelathini na tisa. Mama anakimbiza. Sasa anakaa tangu alfajiri, kwa kuwa miguu haivimbi. Nyayo sijaangalia leo wala jana vizuri. Kuzivua zile soksi ni kazi, zinabana, na yeye anasema aah, si umeona mwenyewe ziko salama.


Ijumaa, 16 Mei

Sijui nianzie wapi.

Nimerudi shule. Nikamwambia mama avue soksi nizifue, zimeanza kunuka. Akasema kesho. Nikasema leo, mama, kesho ni Jumamosi utashona kutwa. Akavua huku macho yako kwenye rinda.

Nikazitia kwenye maji. Soksi ya kulia ilikuwa na doa refu la kahawia, limefuata mshono kama limechorwa kwa rula. Nilidhani kutu ya sindano. Nikasugua. Halikuwa kutu.

Nilirudi chumba cha mbele na mikono ina povu. Nikapiga magoti chini ya meza. Mguu wake wa kulia ulikuwa kwenye kanyagio, unapanda na kushuka. Kuzunguka kifundo kuna mfereji, kama umefungwa kwa kamba siku nyingi. Pembeni ya kidole kidogo, pale mshono unapoishia, kuna kidonda. Ukubwa wa kifungo cha shati. Katikati cheupe, pembeni chekundu. Kidole chenyewe kimekuwa cheusi-cheusi, na baridi.

"Mama, simama."

"Namalizia rinda."

"Mama, mguu!"

Akainama, akatazama. Cherehani ikaenda yenyewe mizunguko miwili mitatu, halafu ikanyamaza.

"Hukusikia?"

"Kusikia nini?" akasema.

Nimesafisha kwa maji ya chupa, nimekausha, nimefunga kwa kitambaa kisafi nilichopiga pasi. Mama alinishika kichwa akasema si kitu, ni mchubuko, mafundi tunajichoma kila siku.

Yeye hajui nilichokijua. Kila akikanyaga, ule mshono ulikuwa unasugua. Sketi ngapi tangu Jumamosi? Kila sketi, mara elfu.


Jumamosi, 17 Mei

Nimesoma tena niliyoandika tarehe 5. Yote yapo. "Si za kila mtu." "Lazima kwanza." Ni mkono wangu mwenyewe, mwandiko mzuri kabisa. Mstari nimepiga chini ya soksi. Chini ya lakini sikupiga.

Asubuhi nilikwenda kliniki mbio. Imefungwa. Mlinzi alisema kliniki ya miguu ni Jumatatu tu, kama ni dharura twende hospitali kubwa. Nikarudi nikamwambia mama twende. Akasema keshokutwa ni Jumatatu, kidonda kilichokaa siku nyingi hakishindwi kukaa siku mbili. Nikasema ndiyo maana kisikae zaidi. Akaniambia nisimpigie kelele. Sikuwa napiga kelele.

Akarudi kwenye cherehani. Na bendeji yake!

Basi nikaketi sakafuni, nikausogeza mguu wake kando, nikashika kanyagio kwa mikono yangu miwili. Nikasukuma. Yeye akaongoza kitambaa. Mwanzoni uzi ulikatika-katika, tukagombana — polepole, haraka, simama, nimesema simama! Halafu tukapatana. Tulishona sketi saba namna hiyo, mimi chini ya meza namwona mama kuanzia magoti tu. Mguu mmoja wenye bendeji juu ya kigoda, mwingine sakafuni. Umevimba upya.

Nilipotoka pale chini, mgongo umegoma kunyooka, nilisimama mbele ya kioo cha wateja. Kile kirefu, cha kujaribia nguo. Nikageuka nikaona kiti. Nikakaa kitini. Kutoka pale unaona nyayo zako mwenyewe kwenye kioo, zote mbili, na mtu aliyepiga magoti mbele yako, na mkono wake, na uzi.

Siku ile mama hakuwa amefumba macho.

Sikumwambia kitu. Nilikwenda kununua uzi. Nikapita kwa fundi anayetengeneza cherehani. Nikamuuliza kama cherehani ya kukanyaga inaweza kuendeshwa bila miguu. Alisema kwa hiyo yenu, inawezekana, anafunga kipini pembeni kwenye gurudumu unazungusha kwa mkono. Mwendo utakuwa wa kinyonga, na unabaki na mkono mmoja wa kuongozea kitambaa. Lakini inashona. Anacho kimoja cha zamani.

Inashona!


Jumapili, 18 Mei

Wekundu umevuka mpaka wa jana. Jana niliuzungushia alama kwa chaki ya fundi, leo umetoka nje ya chaki, karibu upana wa kidole. Asubuhi mama alijifunika shuka mbili na kusema kuna baridi. Hakukuwa na baridi.

Mama Mkubwa alikuja na kitambaa chake cha zambarau. Akaona bendeji. Mama akasema alichomwa na pini. Mama Mkubwa akanitazama mimi. Nilitazama dirishani.

"Pini," akasema Mama Mkubwa. "Mdogo wangu, nimekulea mimi. Ulipovunja chungu cha mama ulisema paka. Hatukuwa na paka."

Mama akacheka kidogo.

"Mficha maradhi, kilio humuumbua. Leo mngekuwa hospitali."

"Kesho tuna kliniki, dada. Kesho."

"Kesho msipokwenda nakubeba mgongoni, na uzito wako huo tutaanguka wote wawili." Akakiacha kitambaa cha zambarau juu ya meza. Mlangoni aligeuka akasema soksi hazitaki tena, ashone kitu kingine.

Alipoondoka nilimweleza mama habari za kipini cha mkono. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio, kama tunavyofundishwa. Akasema cherehani ya mkono ni ya watoto wanaojifunza. Sketi moja kwa siku. Mkuu wa shule atatafuta fundi mwingine, na fundi mwingine atapata na sare za mwaka kesho, na za mwaka kesho kutwa. Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayesoma kipimo kwenye tepu.

Halafu akaniambia nikae karibu.

Alisema kesho Bi Uzi atamwambia afumbe macho. Pale hakuna kioo.

Nilishtuka. Kumbe alijua kwamba nimejua.

Alisema, "Wewe utakuwa umenishika mkono. Mtoto kumshika mama yake mkono ni ajabu? Akigusa, nibinye. Kidogo tu. Mimi nitasema hapa."

"Na kidonda?"

"Kidonda atakiona, atakifunga. Tutasema pini. Hata fundi asiye na sukari anachomwa na pini."

"Na soksi?"

Akanishika mkono, akaubinya mara moja, kama kunionyesha namna. "Mwanangu, nakuomba. Wewe ni jicho langu."

Nilisema ndiyo. Niliisikia sauti yangu inasema ndiyo.

Sketi bado kumi na nane.


Jumatatu, 19 Mei

Kliniki. Naandikia hapa benchini, kalamu inaishiwa wino. Tuna namba kumi na tisa. Wako kwenye kumi na mbili.

Hatukuja kwa miguu. Mama Mkubwa alileta usafiri asubuhi, hakuuliza mtu. Sasa amesimama mlangoni anagombana na mlinzi kuhusu mahali pa kuegesha. Mama amejiegemeza ukutani. Anatoka jasho. Bendeji imelowa kidogo pembeni, imeanza kutoa harufu, na mwanamke aliyekaa jirani yetu amesogea bila kutazama huku, ili asituaibishe.

Kumi na tatu.

Ameniuliza kama nimekula. Nimesema ndiyo. Sijala.

Yule mzee wa safari iliyopita yupo tena. Alikuja akiwa na magongo. Nilimsalimia, shikamoo, akaitikia vizuri, akaniuliza nasoma darasa la ngapi. Mguu mmoja wa suruali yake umekunjwa na kushonwa juu. Mama naye ameutazama. Ameutazama kama fundi — nilimwona. Amesema polepole, "Wamemshonea vibaya. Mshono uko ndani, utamsugua."

Sijui kama alisikia alichokisema.

Kumi na tano. Kumi na sita haikuwepo. Kumi na saba.

Mlango uko wazi nusu. Nasikia sauti ya Bi Uzi: fumba macho, baba. Kimya. Kimya. "Hapa." Kimya.

Leo asubuhi, mama alipokuwa anavaa, nilizichukua zile soksi kwenye kamba. Zimekauka. Doa halikutoka lote. Nimezikunja nikazitia kwenye mfuko wa sketi yangu. Labda mama aliniona, sina hakika. Ninazigusa sasa. Bi Uzi akiziona, habari ya pini imekwisha. Mshono ni mgumu kuliko nilivyokumbuka. Mzuri, umenyooka, hauonekani.

Kumi na nane ametoka.

Mama amejikaza, amesimama. Amepanga kitambaa chake cha kichwa. Sasa ananyoosha mkono wake kwangu, kiganja juu, na anatabasamu kama siku za kunipeleka shule ya mwanzo.

"Twende, Daktari. Nishike."

Mikono yangu ni miwili tu. Mmoja una kalamu. Wa pili uko mfukoni, umeshika soksi.